Wasomaji Waliokasirika Walikuwa na Haki

Katikati ya Julai 1948, msimamizi wa posta wa North Bennington, mji mdogo wa jimbo la Vermont huko Marekani, alikuwa hasemi na Shirley Jackson. Mwandishi huyo alikuwa amelazimika kuacha sanduku lake la barua na kuchukua kubwa kuliko yote yaliyokuwapo pale, na ndani yake pongezi zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Wiki chache nyuma, katika toleo la tarehe 26 Juni, jarida la The New Yorker lilikuwa limechapa hadithi yake fupi "The Lottery". Jarida hilo halikuwa limewahi kupokea barua nyingi kiasi kile kwa ajili ya hadithi ya kubuni.

Kisa chenyewe kinasimulika kwa pumzi moja. Asubuhi ya kiangazi, tarehe 27 Juni, wanakijiji kama 300 wanakusanyika uwanjani. Wanaume wanazungumzia mvua, matrekta na kodi. Wanawake wanapashana habari. Watoto wa kiume wanajaza mifuko mawe na kuyarundika pembeni. Kuna sanduku jeusi la mbao, limechakaa, na kila mkuu wa kaya anachota humo kikaratasi. Chenye alama nyeusi kinaiangukia familia ya Hutchinson, kisha ndani ya familia kinamwangukia mama, Tessie. Majirani zake wanaokota mawe, na mwanawe mdogo naye anapewa vijiwe vyake. Basi. Hatuambiwi desturi hiyo ilianza vipi wala inamfaidi nani, ukiacha mzee mmoja anayegusia mavuno ya mahindi.

Jackson alikuja kueleza katika mhadhara, uliochapwa baada ya kifo chake cha 1965, kwamba kati ya barua zaidi ya 300 alizopata kiangazi kile, zilizosema naye kwa wema zilikuwa 13 tu, na nyingi kati ya hizo zilitoka kwa marafiki. Mama yake mzazi alimwandikia kumweleza kwamba yeye na baba hawakuipenda hata kidogo. Wageni walikuwa wakali zaidi. Wako waliofuta usajili wao, wako waliotaka kuombwa radhi, na wengine hawakuwa na hoja yoyote ila matusi. Jackson alizigawa barua hizo mafungu matatu: za waliopigwa na bumbuazi, za waliojaribu kukisia maana, na za watukanaji. Lakini lililomkaa rohoni ni jambo moja lililojirudia. Watu waliuliza bahati nasibu hizo zinachezwa wapi, na kama mtu anaweza kwenda kutazama.

Kwa miaka mingi barua hizi zimesimuliwa kama kichekesho. Tazameni, husema wahakiki, jinsi wasomaji walivyokuwa washamba, hawakujua kutofautisha hadithi na habari! Ni kweli kwamba The New Yorker la siku zile halikuwa na kawaida ya kuandika juu ya ukurasa kwamba hiki ni kisa cha kubuni na hiki ni cha kweli, kwa hiyo kosa lilikuwa rahisi kufanyika. Ila mimi siwacheki. Naona wale waliofura walisoma vizuri kuliko wengi tuliokuja nyuma yao, na ndilo nitakalolitetea katika sura hii: kwamba katika hadithi za kutisha zilizoandikwa kwa ufundi, lalamiko la msomaji mara nyingi hubeba ukweli wa kitabu ambao sifa za wataalamu zinaupitia kando.

Mtazame Tessie mwenyewe. Amechelewa kufika uwanjani kwa kuwa alikuwa akiosha vyombo, anafika akitania, na majirani wanacheka naye. Kura inapoiangukia nyumba yake ndipo anapaza sauti kwamba haikuwa haki, kwamba mumewe hakupewa muda wa kutosha kuchagua. Halafu anafanya jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita: anataka binti yake aliyekwisha kuolewa aingizwe naye katika mchoto wa pili, ili idadi iongezeke na hatari ipungue. Hakuna mama mtakatifu hapa. Huyu ni mtu aliyeridhika na desturi miaka yote mpaka ilipobisha mlangoni kwake. Aliyeandika kwa hasira kwamba hadithi haikumtendea haki alikuwa anasema maneno ya Tessie, naye aliyeuliza anunue wapi tiketi ya kutazama alikwisha kupata nafasi yake uwanjani kati ya wenye mawe. Hadithi iliwapanga wote wawili bila wao kujua. Ni mitihani mingapi ya fasihi inayoweza kupanga watu namna hiyo?

Jackson alibanwa sana atoe maelezo, na Julai hiyohiyo alituma machache kwa gazeti la San Francisco Chronicle. Alisema, kwa kifupi, kwamba pengine alitaka kuchukua desturi ya kale ya kikatili na kuiweka katika kijiji chake mwenyewe na katika zama zake, ili wasomaji washtuke kwa kuona ukatili usio na maana uliomo katika maisha yao. Maelezo hayo yamekuwa uti wa mgongo wa masomo tangu siku ile. Mwalimu huuliza dhamira, mwanafunzi hujibu "hatari ya kufuata mila kwa upofu", anapata alama zake, kengele inalia. Jibu si la uongo. Kasoro yake ni kwamba linamtoa msomaji uwanjani na kumkalisha mahali salama, penye kivuli, ambapo mila za upofu daima ni za watu wengine. Serikali ya Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi iliipiga marufuku hadithi hii, na mume wa Jackson, mhakiki Stanley Edgar Hyman, aliandika kwamba mkewe alijivunia jambo hilo, akiona kwamba wale angalau walikuwa wameielewa.

Ugomvi mwingine ni mkongwe zaidi, nao umeshavuka miaka mia. The Turn of the Screw ya Henry James ilitoka kwa mfululizo katika jarida la Collier's Weekly kati ya Januari na Aprili 1898. Mbegu yake James aliipata miaka mitatu kabla, kutoka kwa Edward White Benson, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyemsimulia habari za watumishi waliokufa wakirudi kuwaandama watoto. James aliiongezea jicho la kuonea: binti wa mchungaji, kijana, aliyeajiriwa kufundisha na kulea watoto wawili, Miles na Flora, katika jumba la mashambani liitwalo Bly. Yeye anawaona wafu hao, Peter Quint na Miss Jessel. Anaamini watoto nao wanawaona na wanaficha. Mwishowe Miles anafia mikononi mwake.

Wasomaji wa kwanza hawakuuliza kama mizimu ilikuwapo. Waliuliza kwa nini waletewe uchafu ule. Mhakiki wa jarida la The Independent, mwaka 1899, aliilaani kuwa ya uovu usio na kifani katika yote aliyowahi kusoma, nami nadhani pua yake ilikuwa nzima. Miaka kumi hivi baadaye, katika utangulizi wa 1908, James mwenyewe alikiri ufundi wake: aliacha kwa makusudi kutaja wale wafu walifanya nini na watoto, ili kila msomaji aujaze uovu huo kutoka ghala lake. Kwa hiyo anayekasirika akisema "hadithi hii ni chafu" anakasirikia, kwa sehemu, alichokitia humo yeye mwenyewe.

Kisha wakaja wataalamu. Mwaka 1934 Edmund Wilson alichapa insha iliyodai kwamba hakuna mizimu kabisa; mlezi ni mwanamke aliyebanwa na tamaa zisizokubalika, na wafu wanatoka kichwani mwake. Waliopinga wakamwonyesha kisiki: mlezi anamweleza msimamizi wa nyumba, Mrs. Grose, sura ya mtu aliyemwona, nywele zake na mavazi yake, na mama huyo anamtambua papo hapo kuwa ni Quint, mtu ambaye mlezi hakuwahi kukutana naye. Kichwa kilichochanganyikiwa kingeijuaje sura ya marehemu asiyemjua? Wilson akayarekebisha maoni yake, kisha akayarekebisha tena. Mwaka 1970 Tzvetan Todorov akaamua kwamba raha ya hadithi za namna hii imo katika kusitasita kwenyewe, kutojua kama tumeona jini au tumeota. Suluhisho zuri, la kiungwana, na sikumbuki kukutana na msomaji wa kawaida aliyeridhika nalo. Msomaji anataka kujua nani amemuua mtoto.

Mtu aliyekulia Pwani akikabidhiwa ugomvi huu atashangaa unavyodai achague. Mwenye kuumwa na pepo ni mgonjwa, hakuna anayebisha, na pepo yupo, naye ana jina, kabila, na madai yake ya ubani na chano. Aliye kiti, yaani aliyepandwa na pepo, hatenganishwi na anayempanda. Akipelekwa kwa fundi, ngoma itachezwa ili pepo aseme amekuja kwa lipi, na mara nyingi anayoyasema ni mambo ambayo mgonjwa asingethubutu kuyatamka mbele ya mume au wakwe. Tamaa zilizobanwa za Wilson na mizimu ya wapinzani wake vinakaa hapo mkeka mmoja bila kusukumana. Sisemi kwamba James aliijua ngoma ya pepo. Nasema kwamba wako wasomaji ambao, bila shahada ya fasihi, wangemuuliza mlezi swali ambalo wahakiki wengi hawakumuuliza: huyo anayekutokea anataka nini kwako?

Kuna wasomaji, hata hivyo, ambao hawatulii mpaka mlango ufungwe, na hao wana nasaba yao ndefu. Ann Radcliffe aliwalisha vizuri huko Uingereza: katika The Mysteries of Udolpho ya 1794 anamtetemesha msomaji kwa mamia ya kurasa, halafu anafafanua kila kishindo, na kilichokuwa nyuma ya pazia jeusi kinageuka kuwa sanamu ya nta. Miaka miwili baadaye Matthew Lewis, kijana wa miaka ishirini na kidogo, akatoa The Monk yenye shetani halisi asiyefafanuliwa na mtu. Mshairi Coleridge akamshambulia kwa kalamu mwaka 1797, na toleo la 1798 likatoka limepunguzwa makali. Kambi hizo mbili zipo hata kwetu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapwa 1960, maiti inakutwa mzimuni na watu wako tayari kuamini lolote, mpaka mpelelezi Bwana Msa na kiko chake wanapoipeleka hofu mahakamani. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya 2001, hakumletea msomaji Bwana Msa yeyote. Babu ametoka kaburini kweli, amekuja kumsumbua mjukuu wake K, mkubwa wa nchi aliyeshiba, na anayengoja aambiwe kwamba ilikuwa ndoto atangoja sana. Nimesikia watu wakiilaumu riwaya hiyo kwamba haieleweki. Ukiwabana, wanachokataa ni kutembezwa na babu yule katika nchi wanayoitambua mno.

Lalamiko la kawaida kuliko yote, lakini, ni fupi zaidi: "Haikunitisha." Hapo ndipo mabishano mengi huishia, kwa sababu mtu huwezi kumbishia usingizi wake. The Haunting of Hill House, riwaya ya Jackson ya 1959, hushtakiwa kila mara kwamba hakuna kinachotokea ndani yake. Lipo tukio moja usiku: Eleanor, mhusika mkuu, yuko gizani, anasikia sauti ya mtoto akilia, na kwa hofu ameushika mkono wa mwenzake Theodora. Taa inapowaka, Theodora yuko kitandani kwake, mbali. Basi ule mkono ulikuwa wa nani? Jackson hajibu, na hasimami hapo hata kidogo. Mwongozaji Robert Wise, katika filamu ya 1963, alielewa na hakuonyesha zimwi lolote. Filamu ya 1999 ilileta mazimwi ya kompyuta kwa wingi, na sijaona anayeisifu kwa hilo. Anayesema Hill House haikumtisha namwamini. Huenda alikwenda kutafuta nyumba yenye mazimwi akakuta mwanamke wa miaka 32 asiye na pa kurudi, na upweke huo haukumgusa. Mwingine, aliyewahi kumuuguza mama miaka mingi kama Eleanor, ataufunga ukurasa uleule na kuwasha taa. Hawakusoma kitabu kimoja.

Kuhusu swali la kama vitabu vya kutisha ni fasihi au si fasihi, sina subira nalo. Novemba 2003 taasisi inayotoa tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani ilimvisha Stephen King medali ya mchango mkubwa katika fasihi. Harold Bloom wa Chuo Kikuu cha Yale alikwisha kuandika kwamba huko ni kushuka kwa aibu. King, akiwa mgonjwa wa nimonia, alisimama na kuwaambia waliohudhuria wasione fahari kutojua watu wao wanasoma nini, akawatajia orodha ya waandishi wa kusomwa. Shirley Hazzard, aliyepata tuzo ya riwaya usiku huohuo kwa The Great Fire, akajibu kwamba hahitaji kupewa orodha ya wanaosomwa zaidi. Nasi tunayo mizani yetu ya riwaya pendwa na riwaya dhati, na kitabu cha kutisha kikimpendeza mhakiki huhamishwa kimyakimya kutoka sahani moja kwenda nyingine. Bloom, King na Hazzard wote walizungumzia heshima. Hakuna aliyezungumzia alichohisi akisoma, na ndiyo maana barua za 1948 zinanifundisha zaidi kuliko hotuba zile.

Kati ya walioandika mwaka ule alikuwamo Alfred Kroeber, mmoja wa wanaanthropolojia wakubwa wa Marekani, mtu wa Berkeley aliyetumia maisha yake kuchunguza mila za wenyeji wa California. Hakuwa mshamba wa kutojua kafara ni nini. Barua yake ilisema kwa ukavu kwamba ikiwa nia ya mwandishi ilikuwa kumfumba msomaji kabisa na kumkera bure, basi amefaulu. Binti yake alieleza miaka mingi baadaye kilichomuudhi baba. Kama mchunguzi wa jamii, aliona kwamba Jackson hakueleza, na hakuweza kueleza, ni kwa njia gani watu wazima wenye akili wangefika mahali pa kuikubali desturi kama ile. Unaweza kumjibu Kroeber kwamba hadithi haidaiwi ripoti ya utafiti. Mimi naona aliuliza swali bora kuliko yote katika gunia zima la barua, kwa sababu halina matusi na halina dhamira. Linauliza ridhaa ilipatikanaje.

Binti huyo, aliyekuwa na miaka 18 hadithi ilipotoka, ni Ursula K. Le Guin. Mwaka 1973 alichapa "The Ones Who Walk Away from Omelas", hadithi ya mji wa raha ambao furaha yake yote inategemea mtoto mmoja anayeteswa chini ya ardhi. Kila mkazi anaelezwa habari za mtoto huyo akiwa bado mdogo, na anayekwenda kumwona analia, anakasirika, kisha kidogo kidogo anajifunza kuelewa. Hadithi nzima ni maelezo ya jinsi watu wanavyozoea. Wachache hawazoei, wanaondoka mjini kwa miguu wasirudi. Le Guin alisema wazo alilipata kwa mwanafalsafa William James, kaka yake Henry, nami sina sababu ya kumpinga. Lakini swali la Kroeber limejibiwa pale sehemu kwa sehemu, liwe lilikusudiwa au la.

Wasomaji nao hawakuiacha ipite. Wamelalamika kwamba kuondoka ni ubinafsi, kwamba mtoto anabaki palepale kwenye uchafu wake huku wenye dhamiri wakisafisha mikono. Safari hii wengine hawakutuma barua kwa mhariri. N. K. Jemisin aliandika hadithi yake mwaka 2018, "The Ones Who Stay and Fight", kuhusu wanaobaki na kupigana, na jibu lake lina damu yake, hivyo nalo limezua ugomvi wake. Mwaka 2024 Isabel J. Kim aliuliza, tangu katika kichwa cha hadithi, kwa nini mtoto huyo asiuawe tu yaishe. Katika hadithi yake anauawa, na mji unatafuta mtoto mwingine.